Miezi minane Wuhan, bado sina rafiki Mchina

Kutoka: Wuhan

Habari zenu kaka na dada zangu. Nipo hapa tangu Septemba, mwaka wa lugha kabla ya kuanza uhandisi wa ujenzi. Darasani naendelea vizuri, mtihani wa Kichina wa HSK, ngazi ya 3, nimepita. Lakini nikitoka nje ya geti siwaelewi watu, nao hawanielewi. Bwenini tumejaa wageni watupu, jioni nzima ni Kiswahili na Kiingereza. Wachina ninaoongea nao ni mwalimu na mama wa kantini. Mliotangulia mlifanyaje? Septemba ijayo masomo yote yatakuwa kwa Kichina, na nina hofu.

Kutoka: Jinhua

Mdogo wangu, pole sana. La bweni si kosa lako. Vyuo vingi huku huwaweka wageni jengo lao na Wachina majengo yao. Mtu anaweza kumaliza miaka minne bila kuingia chumba cha Mchina hata siku moja. Hao unaowatafuta wako mtaani.

Mimi nilianzia uwanjani. Kila jioni, kama saa moja hivi, akina mama hukusanyika mahali pa wazi, wanaweka spika chini, wanacheza kwa mistari. Ndiyo guangchang wu. Nilisimama mstari wa nyuma wiki nzima bila kusema neno. Wiki ya pili mmoja akanishika mkono akanisogeza mbele. Tangu hapo nikikosa siku mbili naulizwa nilikuwa wapi, kama naumwa, nani ananipikia. Wataanza na "chi le ma?", yaani umekula? Wazee wanaisema kama sisi tunavyosema habari za jioni. Jibu "chi le", kisha nawe umuulize.

Na uwaite kwa udugu. Mama wa makamo ni ayi, bibi ni nainai, babu ni yeye (hilo hutalisahau), dereva au fundi baiskeli ni shifu. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo hili tunalo tayari. Siku nilipoacha "ni hao" kavu, yaani habari yao ya Kichina, nikaanza na "nainai, ni hao", nyuso zilifunguka.

Kuhusu kutoelewana: Kiswahili hakina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno; kina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo tunaubeba hadi kwenye Kichina bila kujua. Mwezi mzima sokoni nilichanganya mai ya kununua, toni ya tatu, na mai ya kuuza, toni ya nne. Mwalimu alikuwa akinielewa, kwa sababu amezoea makosa ya wageni. Muuza mboga hakuzoea, ndiyo maana yeye ndiye aliyeninyoosha: kila nikikosea anachora toni hewani kwa kidole, ananingoja nirudie. Halafu wewe uko Wuhan, ambako wazee wengi huongea lahaja yao na toni zake si zile za Putonghua, Kichina sanifu cha darasani. Usijihukumu.

Hapo kwenu kula asubuhi wanakuita guo zao, na watu hula nje. Chagua kibanda kimoja cha re gan mian, tambi za ufuta, nenda saa ileile kila siku. Usizunguke vibanda kumi.

Ukipata mwanafunzi anayetaka Kiingereza, mkubaliane mapema: nusu saa chake, nusu saa chako, na mtazame saa. Nilipoteza muhula mzima kwa kuona haya kudai nusu yangu. Ila usifundishe kwa malipo bila kibali. Ukaazi wa mwanafunzi hauruhusu.

Kutoka: Nanjing

Assalamu alaikum. Dada amesema mengi, naongeza kidogo. Mimi ni mtu wa Mombasa, na kilichonifungulia mlango ni tumbo. Nilitafuta chakula halali nikaingia duka la tambi za Lanzhou, wenyewe Wahui, Waislamu wa Kichina, kutoka Qinghai. Nilipotoa salamu baba mwenye duka aliitikia kwa furaha, akanivutia kiti. Mwanawe alikuwa darasa la pili, akifanya kazi za shule pale mezani. Nikatoa daftari langu tukaandika pamoja, yeye akinisahihisha mpangilio wa mistari ya kila herufi. Miaka mitatu sasa.

Ukialikwa nyumbani kwa mtu Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, yaani mwaka mpya wa Kichina, nenda. Peleka matunda au kahawa ya kwetu, toa kwa mikono miwili, usipeleke saa ya ukutani, kwao maneno ya "kumpa mtu saa" yanasikika kama msiba. Kama hunywi pombe, inua kikombe cha chai useme "yi cha dai jiu", yaani chai badala ya pombe, hakuna atakayekasirika. Na ukilala kwao, mwenyeji akupeleke polisi kujiandikisha ndani ya saa 24. Hili mgeni yeyote asiyelala hotelini analazimika, na wenyeji wengi hawalijui.

Kutoka: Wuhan

Asanteni sana. Wiki ya tatu sasa, kibanda kimoja, saa moja na nusu asubuhi. Leo ayi amenichanganyia ufuta mwingi, bila pilipili, kabla sijafungua mdomo. Akaniuliza kwetu hizi tunaziitaje. Nikamwambia tambi. Nilipokuwa naondoka alimwita mumewe aje alisikie neno hilo, wakalirudia wote wawili mpaka likakaa.