Kwa nini wanaakiolojia hawaiachi oasisi ya Dakhleh?

Mwanafunzi, Tabora: Wakuu, naomba kuelimishwa: ni kitu gani kinachowarudisha watafiti wa mataifa mbalimbali, tangu 1978, katika oasisi ya Dakhleh, magharibi mwa Misri?

Jibu, Ujiji: Ndugu yangu, ni ukavu. Kijiji cha kale cha Kellis, kilichokuwa humo Dakhleh, kilihamwa mwishoni mwa karne ya 4, mchanga ukakifunika, na katika nyumba moja likapatikana daftari la mbao 8 lenye hesabu za mashamba, wino wake ukisomeka bado. Hapa kwetu mvua na mchwa wasingeacha hata ubao mmoja.

Jibu, Tabora: Ni kweli, mkuu, ila kwangu hazina kubwa zaidi ni barua za familia za hapo Kellis, zilizoandikwa kwa Kikopti, lugha ya Wamisri wa wakati huo, ambamo baba anamsisitiza mwanawe asiache kusoma.