Gari gani hili kwenye picha ya zamani? Tupeane uzoefu

Boneti_Ndefu: Wakuu, nimerithi picha ya babu akiwa kijana, ameegemea gari dogo la spoti lisilo na paa. Nyuma haikuandikwa kitu. Ukoo mzima tumekua tukiambiwa ni Jaguar. Juzi nimeikuza, nikaona grili (ule wavu wa mbele wa kupitisha hewa) haiko usoni, imezama ndani, mbele yake pamebaki tundu tupu. Hiyo ni Triumph TR2, ya 1953 hadi 1955. Kwenye TR3 iliyoifuata, grili ilisogezwa ikaja kuziba mdomo. Moyo ulinienda mbio. Nani mwingine amewahi kulitambua gari la namna hii?

Kabureta: Nilihangaika miezi minne. Picha ya marehemu baba, usukani uko kushoto, basi nikapekua kila gari la spoti lenye usukani kushoto. Kilichonifungua macho ni shati lake. Vifungo vya shati la kiume hukaa upande wa kulia wa mvaaji. Vyake vilikuwa kushoto. Kumbe aliyesafisha picha aliigeuza filamu! Nikaipindua kwenye simu: usukani ukahamia kulia, na saa ikarudi mkono aliokuwa akiivaa siku zote. Hapo nililia. Gari lenyewe halikusumbua tena, mlango hauna kitasa kwa nje, unaingiza mkono ndani ndipo uufungue. MGA, ya 1955 hadi 1962. Nawasihi, kabla ya gari tazameni nguo.

Spoki: Yangu ilikuwa Jaguar kweli. Kioo cha mbele vipande viwili, kwa hiyo ni XK120 au XK140, maana XK150 ya 1957 ina kioo kimoja kilichopinda. Bampa nyembamba ikamaliza ubishi: XK120.

Taa_Mbili: Kwenye picha yangu taa za gari zimesimama juu ya boneti kama macho ya chura. Austin-Healey Sprite, 1958 hadi 1961. Dakika moja tu nikawa nimeijua.

Kabureta: Boneti_Ndefu, tazama chini ya mlango. TR2 za mwanzo mlango ulishuka hadi chini kabisa, ukawa unagonga ukingo wa barabara. Mwaka 1954 wakaufupisha.

Boneti_Ndefu: Nimetazama sasa hivi. Umeshuka hadi chini. Kumbe ni za mwanzo kabisa! Nampigia bibi.