Mtoto yuko darasa la tatu, kusoma bado kunampiga chenga. Nyumbani tumsaidieje bila kumchanganya?

MamaViazi_Uyole (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wana jukwaa. Naombeni ushauri, hasa walimu na wazazi wenye watoto shule za msingi za serikali huku kwetu Nyanda za Juu Kusini.

Nina binti yuko darasa la tatu, shule iko pembezoni mwa jiji la Mbeya. Ni mtoto mchangamfu. Ukimtuma dukani anarudi na chenji kamili, na akianza kusimulia hadithi mtakaa mnamsikiliza mpaka mboga iungue. Shida ni kitabu. Maneno kama "baba", "kiti", "samaki" anasoma vizuri tu. Akifika kwenye "mbwa", "nywele" au "kwangua" anasimama, anakuangalia usoni, halafu anachungulia picha na kubahatisha. Mara nyingine anapatia, ndiyo maana ilichukua muda watu kujua.

Wiki iliyopita daftari lilirudi na kalamu nyekundu: "Mzazi fuatilia." Nikaenda. Mwalimu alinipokea kwa heshima, ila darasa lina watoto wanaopita mia, wamebanana wanne wanne kwenye dawati, na muda wote tunaongea watoto walikuwa wamemzunguka na madaftari wakisubiri kusahihishiwa. Nilichoambiwa ni "mkazanie nyumbani", na kwamba kuna masomo ya ziada jioni ya kulipia.

Sasa kukazania ndiyo nifanye nini hasa? Kazi yangu ni viazi. Natoka alfajiri kufuata mzigo Isongole, narudi giza limeshaingia. Mume wangu ni dereva wa lori njia ya Tunduma, nyumbani hana ratiba. Anayeshinda na mtoto ni mama mkwe, ambaye shule hakuwahi kwenda, na mazungumzo yake mengi ni Kinyakyusa. Mume anasema kufundisha ni kazi ya mwalimu, tukiingilia tutamvuruga mtoto. Shemeji anasema tuuze eneo tumpeleke shule ya mchepuo wa Kiingereza. Mimi niko katikati na muda unakwenda.

Naombeni mawazo ya kweli. Mtoto namuona anaanza kuficha daftari.

Mkulima_Mbarali

Dada, lipa hiyo tuisheni. Mwalimu kasomea, wewe hujasomea. Watoto wangu wote walipita huko.

Ticha_KKK

Mama pole, na hongera kwa kwenda shuleni. Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini, Kilolo, mkoa wa Iringa, na watoto wa aina ya binti yako ndio kazi yangu ya kila siku. Nitaandika kirefu kidogo.

Kwanza, binti yako anajua kusoma nusu ya safari. Maneno yote uliyosema anayaweza yana silabi za kawaida: konsonanti moja na irabu moja. Yanayomkwamisha yana konsonanti zilizofuatana: mbw, nyw, kw. Tunaita silabi changamano. Hatua hiyo huwa tunaimaliza darasa la pili, na kwenye darasa la watoto mia, aliyeumwa wiki mbili au aliyekaa nyuma anaweza kupitwa nayo bila mtu kujua, hasa akiwa mjanja wa kubahatisha kwa picha kama huyo wako.

Pili, hofu ya mumeo ina ukweli ndani yake. Tangu mtaala wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) ulipoanza mwaka 2015, shuleni tunafundisha sauti za herufi. Sisi wakubwa wengi tulifundishwa majina: a, be, che, de. Sasa mtoto shuleni anaambiwa herufi hii inatoa sauti "b", akirudi nyumbani mjomba anamwambia "hii ni be, na hii ni a, ukiunganisha unapata nini?" Mtoto anasema "bea", anapigwa kofi. Hapo kweli tumemvuruga. Lakini dawa yake si kukaa pembeni. Muulize mwalimu anatamka vipi, na nyumbani mtamke hivyo hivyo.

Cha kufanya: chukua boksi la sabuni au biskuti, kata vipande vidogo kama kadi za kuchezea. Andika kwa kalamu ya wino mzito, herufi ndogo. Kwenye kadi tatu weka ba, mba, mbwa. Nyingine ya, nya, nywa. Nyingine ka, kwa. Anza na ile anayoiweza, apande ngazi: "ba", halafu "mba", halafu "mbwa". Akishika, tungeni maneno: mbwa, mbwembwe, kubwa. Dakika kumi na tano zinatosha, hata kumi. Akichoka mwache akacheze.

Na ukitaka kujua kama anasoma au anakariri, funika picha kwa kiganja, halafu mwonyeshe maneno ya ukurasa huo kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Aliyekariri atapotea hapo hapo.

Usimpige, usimcheke, usimlinganishe na mtoto wa jirani. Ameanza kuficha daftari kwa sababu aibu imeshaingia. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko hizo silabi, kwa sababu silabi zitakaa sawa ndani ya muhula mmoja, aibu inachukua muda mrefu zaidi kutoka.

Nesi_Makambako

Macho yamepimwa? Mtoto anayekaa nyuma na haoni ubaoni ataitwa mzito mpaka amalize la saba. Masikio pia. Mtazame akiwa anasoma: anasogeza kitabu karibu na pua? Anakuambia "eeh?" kila mara? Mpeleke hospitali kwanza, mambo ya kadi yatafuata.

MamaViazi_Uyole

Asante sana mwalimu, nimesoma mara mbili. Asante nesi, anaona mbali vizuri lakini nitampeleka, sikuwa nimewaza upande wa masikio. Sasa nisaidieni hapa: hizo dakika kumi na tano mtu wa kukaa naye ni bibi, na bibi hajui herufi. Nifanyeje?

Kijana_wa_Tukuyu

Dada, bibi ni mtaji mkubwa, msimdharau. Mimi nimelelewa Rungwe na bibi asiyejua kusoma. Kila jioni kabla ya chakula alikuwa anasema nilete daftari, "nionyeshe mlichofanya leo". Akishika daftari hata juu chini, mimi nilikuwa najua kuna mtu anauliza. Nikisoma, yeye anauliza kwa Kinyakyusa: halafu ikawaje? Kwa nini sungura alifanya hivyo? Ilinibidi nielewe nilichosoma ili nimweleze kwa lugha yake. Mwalimu hakuwahi kunipa zoezi gumu kuliko lile.

Na hadithi zake ziacheni ziendelee. Mtoto anayesimulia vizuri kama huyo wako alipata wapi? Si kwa bibi? Amsimulie, halafu wewe ukirudi mtoto akusimulie kwa Kiswahili, uandike sentensi mbili tatu za maneno yake mwenyewe kwenye karatasi. Kesho yake anasoma hadithi ya bibi kwa maandishi. Watoto wanapenda sana kusoma kitu walichosema wenyewe.

Mpe bibi salamu, mwambie ndaga fijo, asante sana.

Ticha_KKK

Naunga mkono kwa asilimia zote. Bibi amwambie tu "rudia tena hilo", basi. Kurudia ndiko kunakojenga wepesi wa kusoma. Kama kuna kaka au dada wa darasa la tano au la sita pale nyumbani au kwa jirani, yeye ashike kadi na bibi asimamie nidhamu na muda.

Mkulima_Mbarali

Mnamtwisha mzigo mama wa watu. Mtu anaamka saa kumi usiku kwenda kubeba lumbesa, arudi kuanza kukata maboksi? Shule ziliambiwa ni bure, walimu wanalipwa mshahara, wafundishe.

Baba_Mafinga

Mkuu wa Mbarali nakuelewa, ila hapo kwenye "bure" tusipotoshane. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, ikaondoa ada na michango ya lazima. Waraka uliofafanua utekelezaji wake uliacha wajibu kwa mzazi: sare, madaftari, kalamu, chakula cha mtoto, matibabu yake, na kufuatilia maendeleo yake. Watu wengi walisikia nusu ya tangazo wakaona shule haiwahusu tena. Mimi niko kamati ya shule huku Mufindi, na tumehangaika na hilo miaka mingi.

Lakini nakubaliana nawe kwamba lawama isiende kwa mzazi peke yake. Shule nyingi zinamwita mzazi kwa mambo mawili: michango na utovu wa nidhamu. Mzazi akiona barua ya shule moyo unashtuka. Huwezi kumwita mtu kwa fedha mwaka mzima halafu ukamwambia "shirikiana nasi kwenye ujifunzaji", hakuelewi. Kwetu tulibadilisha kupitia UWAWA, umoja wa wazazi na walimu. Badala ya mkutano mmoja wa shule nzima ambapo wanaongea mwenyekiti na diwani tu, tukaomba vikao vya darasa kwa darasa. Mwalimu anasimama mbele ya wazazi wa darasa la pili tu, anaonyesha kitabu: mwezi huu tuko hapa, nyumbani mwulizeni mtoto hiki na hiki. Wazazi wakauliza maswali ambayo kwenye mkutano mkubwa wasingethubutu, hasa kina mama. Tukahakikisha kikao hakiangukii siku ya gulio wala wiki za kuvuna, maana Juni na Julai huku kwetu ukiita kikao asubuhi utaongea na viti.

Tatizo la watoto mia halitatatuliwa kwa kadi za boksi. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Hilo ni la kamati kulipeleka kata na halmashauri kila mwaka bila kuchoka. Huku tukisubiri, binti wa dada hapa hawezi kusubiri.

Jambo la mwisho kwa shemeji yangu dereva. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada, unavisoma kwa simu bila malipo. Malori yanalala kwenye foleni Tunduma, tunajua wote. Jioni apige simu, mtoto amsomee baba ukurasa mmoja, baba akiwa na ukurasa huo huo kwenye simu yake. Hapo hafundishi, anasikiliza tu. Sidhani kama atakataa kumsikiliza binti yake.

Dada_wa_Njombe

Hilo la simu nimelipenda! Sisi mzee wa nyumbani yuko shamba la mbao muda mwingi, naanza leo.

Kuhusu mchepuo wa Kiingereza: dada usiuze eneo. Mtoto ambaye "mbwa" inamsumbua kwenye lugha anayoisikia kila siku, ukimpeleka akaanze kusoma lugha asiyoijua umemwongezea mlima. Ashike kusoma kwanza. Akishajua kusoma Kiswahili, kusoma lugha nyingine kunakuwa kwepesi, na kuhama kama ni lazima atahama akiwa na nguvu.

Ticha_KKK

Na tuisheni, kwa kuwa imeulizwa: kabla hujatoa hela, uliza watakaa wangapi na atafundishwa nini. Kama ni watoto arobaini wanafanya maswali ya darasa la tatu, yeye atakaa pale ananakili asivyoweza kuvisoma. Anachohitaji ni kurudishwa kwenye silabi za darasa la pili. Kama mwalimu anakubali kundi dogo la watoto waliokwama pale pale, hiyo ni hela yenye maana. Mwakani ana upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, na asiyefikia kiwango anarudia darasa. Muda upo, ila uanze sasa.

MamaViazi_Uyole

Nimesoma kila mmoja, Mungu awabariki. Jana usiku nimejaribu ile ya kufunika picha. Ukurasa aliokuwa anausoma kama maji, nilipoanzia mwisho kurudi nyuma alikwama karibu kila neno refu. Nikaona kwa macho yangu alichosema mwalimu. Tumekata kadi na bibi, bibi ndiye kakaa nazo, kazifunga kwenye kitambaa chake. Mume nimemtumia huu uzi. Kajibu kifupi: "Simu nitapiga." Kwangu hiyo ni kubwa.

Jumatatu sitaenda Isongole, mzigo atafuata mwenzangu. Nataka kurudi kwa mwalimu wa darasa, ila naogopa nitamkuta tena katikati ya madaftari na nitaondoka na "mkazanie". Nimwambieje ili asione namfundisha kazi?

Ticha_KKK

Usiende saa za vipindi. Mtumie mtoto na kikaratasi mapema, muombe dakika kumi muda wa mapumziko au baada ya watoto kutoka. Ukifika, anza kwa kumwambia ulichokiona nyumbani: "Mwalimu, silabi za kawaida anasoma, anakwama kwenye mbwa na nywele, tumeanza kadi hizi." Mpe azione. Halafu uliza mambo mawili tu: herufi hizi unazitamkaje darasani ili tufanane, na wiki hii mnasoma kitabu gani, ukurasa wa ngapi. Mwisho muombe amsogeze dawati la mbele. Mwalimu mwenye watoto mia akimpata mzazi anayekuja na taarifa mkononi, anafurahi kuliko unavyodhani, nakuambia kwa niaba ya wengi. Na muombe namba ya simu, mkubaliane Ijumaa kwa Ijumaa umtumie ujumbe wa mstari mmoja: ameweza hiki, hiki bado.

MamaViazi_Uyole

Nimeandika yote pembeni. Nitaleta mrejesho.

Nesi_Makambako

Na masikio, mama. Wiki hii hii.