Mjadala: Mtihani wa CLEP uchukue nafasi ya kozi ya uandishi wa Kiingereza chuoni?

Mzee wa Minneapolis: Wakuu, salaam. Vyuo vingi Marekani vinamtaka kila mwanafunzi asome komposisheni mihula miwili. CLEP ni mitihani ya kupata krediti, yaani pointi za kozi za kuhitimia, bila kukaa darasani. Wa uandishi, College Composition, ni dakika 125, ukifaulu ACE, baraza la elimu ya juu la Marekani, inapendekeza krediti 6. Ada haifiki dola 100, ongeza ya kituo cha mtihani. Mtoto wa mhamiaji alipe maelfu ya nini?

Bi Mkubwa: Uandishi ni kuandika, kusahihishwa, kuandika tena. Mtihani haufundishi hilo. Mtu anabahatisha 60 yake, kesho anashindwa ripoti ya kurasa 5.

Kidudumtu: 60 ya wapi? Alama zinaanzia 20 hadi 80, inayopendekezwa ni 50, na si asilimia. Soma kwanza ndipo ubishe.

Bi Mkubwa: Haya mwalimu mkuu, 50. Bado maswali 50 ya kuchagua kwa dakika 55 yanapima jicho, si kalamu.

Kidudumtu: Na zile insha mbili umezificha wapi? Ya kwanza dakika 30, unatetea msimamo. Ya pili dakika 40, unapewa vyanzo viwili, uvitumie vyote na kuvitaja. Hapo ndipo watu wanapozama: wanafupisha cha kwanza, wanafupisha cha pili, muda umekwisha na hoja yao haimo.

Pwani Tu: Wakenya watapita tu. Insha wameikariri tangu utotoni: jua limechomoza, ndege wanaimba 😂

Nyayo za Nakuru: Kukariri? Karatasi ya tatu ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, ina insha tatu, alama 20 kila moja, na mbili ni za vitabu. Ninyi Watanzania Kiingereza cha kufundishia mnakutana nacho sekondari.

Pwani Tu: Ndiyo maana hatuna hao ndege.

Nyayo za Nakuru: Wala hamna insha.

Kijana Mpya: Samahani wakubwa, nina alama nzuri za TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza kwa wageni. Si inatosha?

Dada wa Houston: Hapana mdogo wangu. TOEFL inakufungulia mlango wa chuo, krediti haitoi. Waache hao na ndege wao. Kuna mitihani miwili yenye majina yanayofanana. College Composition Modular ni maswali 90 ya kuchagua kwa dakika 95. Insha ni mpaka chuo chenyewe kiitake, na pendekezo ni krediti 3. Kuna vyuo vinavyokubali ile yenye insha pekee, vingine havitaki yoyote. Muulize msajili kwa baruapepe, jibu ulihifadhi, ndipo ulipie. Usingoje wiki ya mwisho ya kuchagua kozi: insha zinasahihishwa na wahadhiri, matokeo hayatoki siku hiyo. Ukifeli, kurudia ni baada ya miezi mitatu. Ukihama chuo, chuo kipya hakilazimiki kufuata cha zamani, kwa hiyo agiza College Board, wenye mitihani ya CLEP, wakipelekee alama moja kwa moja.

Mzee wa Minneapolis: Asante dada. Lakini swali langu lilikuwa la haki, si la…

Bi Mkubwa: Haki gani, kama nusu ya vyuo ni kubembeleza msajili?

Pwani Tu: Nyayo, mbili za vitabu umesema. Ya tatu ndiyo ya ndege?

Nyayo za Nakuru: Hiyo ndiyo ya kwanza. Na kuhesabu pia mnaanzia sekondari?