Nairobi hadi New York: masaa saba au kumi na tano?

KijanaWaMtwapa: Wadau, salaam. Mama'ngu anakuja huku New Jersey Januari. Ndege aliyowahi kupanda ni ya Mombasa kwenda Nairobi tu. Tiketi inasema anaondoka Nairobi Jumanne 23:25, anafika JFK, uwanja wa ndege wa New York, Jumatano 06:25. Nikahesabu kwa vidole: masaa saba. Nikamwambia, "Mama, lala tu, ukiamka umefika." Sasa jirani yake kamwambia Amerika ni siku nzima na ushei, na mama amenipigia aniulize mwongo ni nani. Miguu yake huvimba akikaa sana, kwa hivyo nataka jibu la kweli. Nani ashapita njia hiyo?

BintiKisauni: Mwongo ni wewe, ila kwa nia njema 😀 Hiyo 23:25 ni saa ya Nairobi, na 06:25 ni saa ya New York. Januari Nairobi iko mbele kwa masaa 8. Mama akitua huko alfajiri, Mtwapa watu washakula cha mchana, ni saa nane na dakika 25. Saba na nane, kumi na tano. Jirani naye hakukosea sana. Kabla ya Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza kwenda moja kwa moja, ilikuwa lazima uunganishe ndege njiani, wengi Ulaya au Ghuba, na kule kusubiri ndiko kunakomaliza siku. Wengi bado twapita huko kwa sababu ya nauli.

MzeeWaRamani: Umbali ni kama kilomita 11,800. Chukua tufe, vuta uzi kutoka Nairobi mpaka New York: unakata Sahara, na katikati ya njia panaangukia Morocco, karibu na Marrakech. Boeing 787 hukimbia kama kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo kwa hesabu ya darasani ni masaa 13 na kitu. Yaliyobaki mengi huliwa na upepo. Huko juu ya Atlantiki unavuma kutoka magharibi, na majira ya baridi ndipo unapokuwa mkali. Wewe mtu wa pwani, jahazi likishindana na kaskazi unalijua. Akirudi upepo utamsukuma, atapunguza kama saa nzima.

KijanaWaMtwapa: Shukran sana. Nimempigia, nikakiri. Kanyamaza kidogo, kisha: "Kumi na tano? Ramadhani nafunga kumi na tatu na nusu, na mpishi ni mimi." Nimembadilishia kiti, akae kando ya njia apate kuinuka. Mimi natoka shifti saa kumi na moja alfajiri, nitawahi?

BintiKisauni: Utawahi na utangoja. Uhamiaji kuna foleni, kisha mizigo. Nenda na koti lake mkononi, na umwambie asifunge nyama kwenye begi, wataitupa.

KijanaWaMtwapa: Na mahamri?

BintiKisauni: Mahamri aje nayo. Nami nipo Newark hapa, sijasema kitu.