Kuchora wadudu kwenye mawe na watoto: akriliki, rangi za maji au kalamu?

Mama wa Wawili
Wakuu, salaam. Likizo imeanza na nina wawili ndani, wa miaka 4 na wa miaka 8. Tumeokota mawe laini 15 hivi, tunataka kuyageuza nyuki, mbawakawa na yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi. Nimekwama kwenye rangi. Nichukue rangi za maji za watoto, akriliki ya kupaka kwa brashi, au kalamu za akriliki? Nataka wadudu wakae bustanini, mvua iwanyeshee na bado wabaki wadudu.

Mchora Mawe
Kama ni bustanini, akriliki. Ikiwa mbichi inatoka kwa maji, ikishakauka haiyeyuki tena. Ndiyo maana itadumu kwenye jiwe, na ndiyo maana itadumu pia kwenye nguo, kwa hiyo wavalishe fulana kuukuu na usiache brashi ikauke na rangi.

Lakini kazi inaanza kabla ya rangi. Osha mawe kwa sabuni, suuza, kisha yaache yakauke kabisa, hata usiku mzima. Unyevu ukibaki ndani, rangi inabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Halafu paka nyeupe kwanza. Njano ukiipaka moja kwa moja juu ya jiwe la kijivu inapoa, nyuki anaonekana mgonjwa. Nyeupe ikikauka, paka njano mara 2 nyembamba. Ukipaka mara moja nzito, juu inakauka na chini bado ni mbichi, mtoto akigusa tu inavutika yote.

Mwalimu wa Chekechea
Naheshimu fundi hapo juu, ila kwa wa miaka 4 mimi natoa rangi za maji. Mtoto wa umri huo raha yake ni kupaka, jiwe likishakamilika wala halimhusu tena. Akiharibu, mnaosha jiwe mnaanza upya. Nina jiwe moja darasani limeshakuwa nyuki, nyigu, na wiki iliyopita lilikuwa mende. Na hakuna mzazi aliyenijia na sketi yenye doa.

Baba Kereng'ende
Mwalimu uko sahihi, mradi jiwe libaki ndani. Mimi yalinikuta. Binti yangu alipaka mdudu mwekundu kwa rangi za maji, madoa yamekaa vizuri, nikaona nimlinde na mvua kwa vanishi ya maji. Nikachovya brashi, nikaipitisha mgongoni mara moja. Madoa yote yakafuata brashi! Nyeusi ikachanganyika na nyekundu, likabaki jiwe la rangi ya kahawia lenye macho. Akanitazama, akasema, "Baba, umemuua."

Rangi za maji hata zikikauka, maji yakizigusa zinaamka.

Mama wa Wawili
Pole sana ndugu, nimecheka lakini nimeumia. Na kalamu je? Mkubwa ndizo anazozitaka.

Mchora Mawe
Kalamu za akriliki ni nzuri kwa vitu vyembamba: miguu, papasi za kichwani, mistari ya nyuki. Kwa kufunika jiwe zima ni hasara, utamaliza kalamu kwa mbawakawa mmoja. Jiwe likiwa na chembechembe linakula ncha. Na wa miaka 4 usimwachie aanzishe kalamu mpya, kwa sababu rangi inashuka kwa kubonyeza ncha. Akibonyeza kwa nguvu zake zote utapata dimbwi.

Usizichanganye na maka peni za kawaida. Hizo nazo zinaandika vizuri, ila wino wake ukikutana na vanishi ya mafuta au ya kupuliza mara nyingi unachuruzika.

Dada wa Bustani
Mimi nimewahi kutumia rangi za kucha zilizobaki. Zinang'aa mno, mgongo wa mbawakawa unatoka kama wa kweli.

Mwalimu wa Chekechea
Dada, kung'aa zinang'aa, lakini harufu ile na watoto mezani? Na zinashika moto kirahisi. Hizo chora peke yako, dirisha likiwa wazi.

Baba Kereng'ende
Madoa usipake kwa ncha ya brashi. Geuza brashi, chovya kitako cha mpini kwenye rangi, gusa jiwe, inua. Doa linatoka duara kamili, hata mtoto wa miaka 4 anaweza. Jicho vilevile: doa jeupe, likikauka weka jeusi dogo katikati.

Kwa huyo mkubwa, mwambie kuna aina ya yule mdudu mwekundu yenye madoa 7. Hayagawanyiki sawa, ndipo utamu ulipo: 3 bawa hili, 3 bawa lile, na la saba linakaa juu ya mstari wa katikati karibu na kichwa, nusu huku nusu huku. Miguu ni 6 na yote inatoka kifuani, si tumboni. Wakikuomba buibui wachoree, ila huyo ana 8 na si mdudu wa kundi hili.

Mchora Mawe
Kwa hiyo Mama wa Wawili, changanya: akriliki kwa mwili, kalamu kwa miguu. Subiri siku nzima ndipo upulize vanishi ya nje, wewe mwenyewe, nje, watoto wakiwa mbali. Macho ya plastiki ya kubandika achana nayo, kwa gundi ya karatasi yatang'oka mvua ya kwanza.

Mama wa Wawili
Mrejesho. Mkubwa amefuata yote, doa la saba limekaa juu ya mstari kabisa, amelipima kwa rula. Mdogo nilimpa rangi za maji akazikataa, anataka "za dada". Nimemfunga taulo shingoni, nikammiminia akriliki kidogo kwenye kifuniko. Kitako cha brashi amekipenda, mdudu wake ana madoa 23 mpaka tumboni, na miguu 9. Nikamwambia mdudu ana 6. Akanijibu mitatu ni ya akiba.

Vanishi kesho, wakilala mchana.