Sherehe ya shule: wenye viti wamelipwa, MC kalipwa, wapishi wamelipwa. Wasanii tumepewa soda!

Wakuu, habari zenu. Mods, naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la burudani. Hapa siongelei burudani, naongelea kazi na malipo ya kazi.

Mimi ni mchoraji, naishi Temeke. Na wenzangu tuna kikundi cha vijana, wengine wanachora, wengine wanacheza ngoma na sarakasi. Shule moja ya msingi huku kwetu imepata madarasa mapya, na kamati ya sherehe ya uzinduzi ikatufuata yenyewe, hatukwenda kuomba. Walitaka kuta zichorwe: ramani ya Tanzania, herufi na tarakimu kwa darasa la awali, mfumo wa mmeng'enyo wa chakula kwa wakubwa, na wanyama ukuta wa nje unaotazama barabara. Halafu siku ya shughuli watoto wetu wacheze sindimba na lizombe mbele ya mgeni rasmi. Tukakubaliana 350,000 kwa yote, rangi juu yao. Tulikubaliana kwa mdomo, lakini mbele ya kamati nzima.

Rangi waliyoleta ilikuwa ya maji, ikatosha ndani tu. Rangi ya mafuta ya ukuta wa nje nimenunua mimi, na thina, na msasa, na brashi. Asiyewahi kuchora ukutani hajui kwamba plasta mpya inatoa chumvi. Ukipaka juu juu, mvua za masika zikipita rangi yote inabanduka kama maganda. Kwa hiyo unasugua, unapaka praima, unasubiri ikauke, ndipo unapiga mistari ya kupimia, kwa sababu twiga wa futi kumi humchori kwa kukisia. Tulikuwa tunaingia watoto wakishatoka madarasani na kufanya kazi kwa mwanga wa balbu. Wacheza ngoma nao walikuwa wanafanya mazoezi kila jioni kwa nauli zao, na mavazi wameazima kwa mtu ambaye alitaka pesa yake, na akalipwa, tena tukamlipa sisi wenyewe.

Siku ikafika. Watoto wamecheza, uwanja mzima umesimama. Mgeni rasmi kapiga picha mbele ya twiga, wazazi wamepiga picha, picha zimezunguka kwenye magrupu ya mtaa mpaka usiku. Jioni nikaona kwa macho yangu mwenye turubai na viti akihesabiwa pesa zake kabla canter haijapakia. Mwenye spika kalipwa. MC kalipwa. Akina mama wa pilau wamelipwa, na ni haki yao kabisa. Ilipofika zamu yetu tukaletewa kreti ya soda, na mzee mmoja wa kamati akaniambia, "Mwanangu, bajeti imeisha. Chukulieni huo ni mchango wenu kwa shule ya wadogo zenu. Na isitoshe mmejitangaza, wakubwa wamewaona."

Sasa sikilizeni hiyo habari ya kujitangaza. Pembeni mwa ukuta, chini kabisa, niliandika jina la kikundi na namba ya simu, herufi ndogo. Siku chache baadaye nikapigiwa simu niende nikafute, eti linaharibu ukuta. Ukuta huohuo umeandikwa jina la mfadhili wa saruji kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara! Kwa hiyo hatukulipwa kwa sababu tumejitangaza, na tulichojitangazia kikafutwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo nchi hii tangu 1999, na inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake. Nani kwenye kamati zetu ameshawahi kuisikia?

Najua mtakuja kusema mlipaswa kuandikishana. Sawa. Lakini mwenye viti naye aliandikishana na nani? Yeye anajulikana kwamba halipwi kwa shukrani, basi hakuna anayejaribu. Kwetu sisi kuna imani imejengeka kwamba kipaji ni kitu ulichopewa bure na Mungu, kwa hiyo na wewe ukigawe bure. Fundi bomba naye mikono yake kapewa na Mungu huyohuyo, na hakuna anayethubutu kumwambia akazibue choo cha shule ili ajulikane.

Na hili halikuanza na mimi. Edward Saidi Tingatinga alitoka upande wa Tunduru, alikuwa mhudumu pale Muhimbili, akaanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Picha zikawa zinauzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, na wanunuzi walikuwa wageni waliokaa mitaa ile. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amechora miaka michache tu. Waliomshika mkono huyu mtu ni ndugu zake na wanafunzi wake, ambao walibaki palepale wakiendelea, na mwaka 1990 wakawa na ushirika wao. Zaidi ya nusu karne imepita, jina lake limezunguka dunia, na mnunuzi bado ni yuleyule mgeni. Mwaka 2020 ndege ziliposimama kwa corona, wachoraji wa Oysterbay na wachongaji wa Mwenge walikaa na kazi zao zimerundikana, kwa sababu jirani hajawahi kuwa mteja. Nendeni sebuleni kwenu mkaangalie kilichoning'inia ukutani. Wengi wetu ni ile picha ya maporomoko ya maji yenye taa, imetoka China kupitia Kariakoo, na bei yake siyo ndogo hata kidogo. Pesa ya picha ipo, sema haifiki kwa mchoraji wa mtaa wa pili.

Kinachoniuma kuliko hiyo 350,000 ni wale watoto. Kwenye kikundi nina binti wa darasa la sita anayechora mkono wa mtu ukatamani kuushika. Baba yake alimchania daftari, akamuuliza kama atakula michoro. Nikamfuata mzee nyumbani kwa heshima zote, nikamuomba amwache aje jioni, nikamwambia kazi hii ina mkate, ataona mwenyewe siku ya uzinduzi. Ameona! Ameona mwanawe kafanya kazi ya watu wazima na karudi na chupa ya soda. Sasa mimi naenda na maneno gani tena kwenye ile nyumba?

Kuhusu mikopo nitasema kifupi. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Tulipeleka andiko letu, tunataka vifaa vya kuchorea na ngoma zetu wenyewe ili tuache kuazima. Aliyelipokea alilipitia akasema tungeandika ufugaji wa kuku lingepita haraka. Sina ugomvi na kuku. Ila nimeshindwa kuelewa kwa nini kikundi chenye wateja, chenye kazi zinazoonekana ukutani, lazima kijifanye kinafuga.

Tunachotaka si huruma wala tuzo. Kamati ikikaa kupanga sherehe, na kwenye karatasi kuna mstari wa turubai na mstari wa pilau, kuwe na mstari wa wasanii, na uandikwe mwanzoni, siyo kinachobaki. Jina la aliyechora libaki ukutani. Madarasa yale mapya yanafungwa saa tisa alasiri mpaka kesho yake asubuhi. Tupeni chumba kimoja jioni mbili kwa wiki watoto wafundishwe chini ya bati, maana sasa hivi tunafanyia mazoezi kwenye uwanja wa gereji na mvua ikinyesha kila mtu anaondoka. Hilo haligharimu halmashauri hata shilingi.

Kwa upande wetu tumeshakaa kikao. Kuanzia sasa hakuna brashi inayogusa ukuta wala ngoma inayopigwa kabla ya nusu ya malipo na karatasi yenye sahihi, hata aje nani. Na ile rangi ya mafuta niliyonunua kwa pesa yangu nimeiandikia barua kamati, nakala kwa mwalimu mkuu, risiti zimeambatanishwa.

Wasanii wenzangu mliomo humu, wa Tanga, Mwanza, Mombasa, popote, wekeni hapa ninyi mnafanyaje ili mlipwe. Na wewe uliyewahi kukaa kwenye kamati ya sherehe, njoo utuambie bila kuficha: kwenye ile bajeti yenu, wacheza ngoma mliwaandika wapi?